Sura ya Nne: Meno Mangapi?

Ingia karakana yoyote ya samani pale Keko, Dar es Salaam, au Gikomba jijini Nairobi, uutazame msumeno wa meza ukiwa umezimwa. Mara nyingi utakuta bledi moja, ile ile iliyofungwa siku iliponunuliwa. Ndiyo inayopasua mninga, ndiyo inayokata miguu ya viti, ndiyo inayogawa plaiwudi ya makabati ya jikoni. Ikianza kutoa moshi, lawama huenda kwa mota, kwa umeme mdogo, au kwa mti kuwa mgumu. Ni nadra bledi kulaumiwa, na ni nadra zaidi mtu kuuliza kama ilitengenezwa kwa kazi hiyo inayofanyishwa.

Nasema bila kusitasita kwamba bledi huamua ubora wa mkato kuliko mashine. Meza ya kuchomelewa mtaani, ikiwa imenyooka na ikafungwa bledi inayofaa, hutoa ubao unaoweza kuunganishwa kwa gundi bila kurandwa sana. Mashine ya gharama kubwa kutoka ng'ambo yenye bledi isiyofaa huunguza mbao, humchosha fundi, na siku mbaya humrushia ubao kifuani. Kwa hiyo kabla ya kukusanya fedha za mashine mpya, soma bledi uliyo nayo. Habari zake zote zipo pale: idadi ya meno, umbo la meno, unene, tundu la katikati na mwendo wa juu unaoruhusiwa.

Tuanze na mti wenyewe. Mti hukua kwenda juu, na nyuzinyuzi zake zimelala kwa urefu wa gogo. Fundi anapopasua ubao, bledi inafuata njia ya nyuzinyuzi hizo. Anapokata kwa kukingama, anazikatisha. Mikono hufanya karibu kitendo kile kile, yaani kusukuma ubao kuelekea bledi, lakini ndani ya mti mambo mawili tofauti kabisa yanatokea. Wakati wa kupasua, jino linafanya kazi kama patasi: linakutana na ncha za nyuzinyuzi, linazinyanyua na kuzitoa kama maranda marefu membamba. Maranda hayo yanahitaji mahali pa kukaa mpaka jino litoke upande wa pili wa ubao. Wakati wa kukata kwa kukingama, kila unyuzi lazima ukatwe kushoto na kulia kwanza, ndipo kipande cha katikati kitoke. Jino lisilo na ncha kali za pembeni halikati unyuzi. Linaung'oa, na ukingo wa ubao unabaki na manyoya.

Ndiyo sababu bledi ya kupasulia ina meno machache, makubwa, yaliyo bapa juu, na kati ya jino na jino kuna bonde pana la kubebea maranda. Katika bledi ya inchi 10, ambayo ni sawa na milimita 254, meno ya kupasulia kwa kawaida ni 24. Bledi ya kukatia ina meno 60 mpaka 80, na kila jino limechongwa kwa mshazari, moja likielekea kushoto na linalofuata kulia, ili ncha zake zikate nyuzinyuzi kabla ya kuziondoa. Mabonde yake ni madogo, kwa kuwa kinachotoka ni unga na vipande vifupi.

Mafundi wengi huamini kwamba meno mengi ni bora daima. Imani hii imeunguza mbao nyingi, kwa hiyo tuipime kwa hesabu. Chukua mashine inayozungusha bledi mara 4,000 kwa dakika. Bledi ya meno 24 inagusa mbao mara 96,000 katika dakika hiyo. Ukisukuma ubao kwa mwendo wa mita 4 kwa dakika, kila jino linaondoa tabaka la milimita 0.04 hivi. Ni jembamba, lakini ni randa halisi lililokatwa. Sasa funga bledi ya meno 80 na usukume kwa mwendo ule ule. Miguso inafika 320,000, na kila jino linabakiwa na milimita 0.0125 tu. Kwa unene huo jino halikati tena, linasugua. Msuguano huzaa joto, joto hupanua ukingo wa bledi, bledi hupinda kidogo na kusugua zaidi. Alama nyeusi unayoiona kwenye ubao wa mninga uliopasuliwa kwa bledi ya kukatia haitokani na ugumu wa mti. Ni meno mengi yaliyokosa kazi ya kufanya.

Na mabonde nayo yanadai haki yao. Ukipasua ubao wa inchi 2 kwa bledi ya inchi 10 iliyoinuliwa juu kidogo ya ubao, bledi ya meno 24 ina meno 2 au 3 ndani ya mti kwa wakati mmoja. Ile ya meno 80 ina karibu 8. Mabonde manane madogo, yote yamejaa unga na hayana pa kuumwaga. Unga unasagika upya, mota inalalamika, na fundi anasukuma kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo hatari inapoingia, kwa sababu mkono unaosukuma kwa nguvu ndio unaoteleza.

Jambo la tatu ni mwinamo wa jino. Itazame bledi kutoka ubavuni: je, uso wa jino umeinamia mbele kuelekea linakozungukia, umesimama wima, au umelala nyuma? Bledi za kupasulia huinama mbele kwa takriban digrii 20, kwa hiyo zinauvuta ubao na kazi inakwenda haraka. Za kazi mchanganyiko huwa kati ya digrii 10 na 15. Bledi ambayo meno yake yamesimama wima au yamelala nyuma imetengenezwa kwa ajili ya misumeno ambayo bledi yake hushushwa au kuvutwa juu ya ubao uliotulia, mahali ambapo jino lenye uchu lingeparamia mti. Bledi ya namna hiyo ikifungwa kwenye msumeno wa meza itakata taratibu na kwa usafi. Lakini bledi ya kupasulia yenye digrii 20 isifungwe kamwe kwenye msumeno wa kushusha kwa mkono. Itaukwapua ubao.

Baada ya kujua mkato unakoelekea, uulize mti. Kwa bahati mbaya vitabu vingi vya useremala vimeandikwa kwa ajili ya mialoni na misonobari ya nchi za baridi, na mti wa kwetu una tabia zake.

Mninga ni mti wa raha. Uzito wake ni wa wastani, nyuzinyuzi zake hukatika vizuri, na bledi kali yenye meno ya kawaida inautosha. Vumbi lake ndilo la kuogopa, kwani huwasha pua na kifua. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani. Barakoa ni sehemu ya vifaa vya msumeno kama ilivyo spana.

Mvule ni habari nyingine. Nje unaonekana mpole, lakini ndani yake mara kwa mara hujificha mawe, mabonge magumu ya kalisi kabonati ambayo mti huyaunda wenyewe, aghalabu mahali ulipojeruhiwa. Fundi hayaoni mpaka bledi igonge. Jino la kabidi, ile ncha ngumu inayounganishwa kwenye bati la bledi, ni gumu mno lakini halipendi kugongwa, na jiwe moja laweza kuvunja ncha kadhaa kwa mpigo. Kagua ubao wa mvule kabla ya kuupasua, hasa palipo na rangi iliyokolea kuliko pengine, na usiuanzishie bledi yako mpya ya kukatia. Bledi ya meno machache, ncha nene, iliyokwisha kunolewa mara moja au mbili ndiyo ya kupasulia mvule. Ikipoteza jino, hasara ni ndogo.

Mtiki, unaovunwa Longuza kule Muheza na katika bonde la Kilombero, una silika ndani yake, madini yale yale yaliyomo kwenye mchanga. Hauvunji meno, unayala polepole. Mbao za mnazi zinafanya vivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi upande wa nje wa shina ambako ni pagumu. Hapa bledi ya chuma kitupu haifiki jioni. Kabidi ni lazima. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, nao unadai bledi kali sana na msukumo wa polepole.

Kisha kuna msonobari wa Sao Hill, mbao zinazojenga paa nyingi unazoziona. Ni laini na zinakatika, lakini zinafika sokoni zikiwa mbichi na zenye utomvu. Mbao mbichi hubana. Unapopasua, vipande viwili vinarudiana nyuma ya bledi na kuikaba, na bledi inayozunguka kuelekea kwako inaweza kuutupa ubao wote nyuma. Kwa mbao mbichi chagua bledi yenye mkato mpana, na usiondoe kile kisu kisichozunguka kilichosimama nyuma ya bledi ili kutenga vipande. Utomvu ukiganda kwenye meno, bledi hukata kama butu hata ikiwa kali. Ifungue, iloweke kwenye maji yenye sabuni, isugue kwa brashi laini, ikaushe. Bledi nyingi zinazopelekwa kunolewa zilihitaji kuoshwa tu.

Mbao za viwandani zina matakwa yake. Plaiwudi ina tabaka zinazopishana, kwa hiyo kila mkato unakata nyuzinyuzi za baadhi ya tabaka kwa kukingama; meno 60 au zaidi yaliyochongwa kwa mshazari yatakupa ukingo safi. MDF na chipubodi hazina nyuzinyuzi ndefu, ila gundi yake hula ncha kwa kasi. Bodi zenye ngozi ya melamini humeguka ukingoni kama zimetafunwa. Kwa hizo kuna umbo maalumu: jino moja limekatwa pembe zake zote mbili na limesimama juu kidogo, linafungua njia katikati, linalofuata ni bapa, linasafisha pembeni. Meno ya mishazari mikali huanza vizuri kwenye melamini kisha huchoka upesi. Fundi anayeishi kwa makabati ya jikoni anunue hilo umbo la kupokezana, meno 80, na asiipitishe bledi hiyo kwenye mti wa asili.

Unene wa bledi unaonekana jambo dogo hadi uingize bei ya mbao. Mkato wa kawaida wa bledi ya inchi 10 ni milimita 3.2, bledi nyembamba hukata milimita 2.4. Kwa bledi nyembamba, mti unaogeuka unga katika kila mkato unapungua kwa robo. Ukigawa ubao wa mninga mara 10, tofauti ni milimita 8, karibu unene wa mgongo wa kabati. Faida kubwa zaidi iko kwenye mota. Mashine ndogo ya umeme wa njia moja, yenye nguvu farasi 1.5 au 2, inapumua kwa bledi nyembamba pale ambapo ile nene ingeizima. Dosari yake ni kwamba bledi nyembamba hutikisika kirahisi ikipata joto au ikisukumiwa ubao mnene. Na lazima ioane na kisu cha nyuma: kisu kiwe chembamba kuliko mkato, lakini kinene kuliko bati la bledi. Kikiwa kinene kuliko mkato, ubao utagoma katikati ya kazi, na hapo ndipo mafundi hukifungua na kukitupa. Kisu kikigoma, badilisha bledi.

Sasa mwendo, na hapa naomba msomaji atulie. Kila bledi ya maana imeandikwa mwendo wake wa juu. Mashine ya kiwandani ina kibao kinachotaja mizunguko yake, kwa hiyo kulinganisha ni rahisi. Lakini misumeno mingi ya kwetu imeundwa mtaani, mota ya kununua, shafti ya kuchongesha, mkanda na puli mbili. Hakuna kibao. Lakini hesabu yake ni nyepesi: zidisha mizunguko ya mota kwa kipenyo cha puli ya mota, kisha gawa kwa kipenyo cha puli ya shafti ya bledi. Mota ya mizunguko 2,850 yenye puli ya inchi 6, ikivuta puli ya inchi 4, inazungusha bledi mara 4,275 kwa dakika. Hiyo ni sawa kwa bledi ya inchi 10. Badilisha puli ya shafti uweke ya inchi 3, na mwendo unaruka hadi 5,700. Ukifunga hapo bledi ya inchi 12 iliyoandikwa 5,000, umevuka mpaka, na ukingo wa bledi unakimbia zaidi ya mita 90 kwa sekunde. Ncha ya kabidi ikibanduka kwa mwendo huo, aliyesimama mbele yake hana nafasi ya kukwepa. Piga hesabu ya mashine yako leo, uandike jibu kwa rangi kwenye mwili wa mashine.

Tundu la katikati nalo lina siasa zake. Bledi za Marekani zina tundu la inchi 5/8, za Ulaya milimita 30, na nyingine huja na milimita 25.4. Tundu kubwa kuliko shafti hupunguzwa kwa pete maalumu ya chuma inayokaa bila kucheza. Kujaza pengo kwa waya, bati la kopo au kipande cha karatasi ni kuikaribisha bledi itikisike, na bledi inayotikisika hukata njia pana, hupasha joto na hulegeza nati.

Na liko jambo ambalo siwezi kulipitisha kwa upole: bledi ya mbao kwenye grinda. Grinda ndogo ya milimita 115 huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika. Kifuniko chake kilitengenezwa kwa diski ya kusaga, hakina kisu cha nyuma, na hakuna meza inayoubeba ubao. Diski ya kusaga inasugua. Jino la msumeno linauma, na likiuma vibaya linaivuta mashine nzima kuelekea mkono, paja au shingo. Hakuna haraka ya kazi inayohalalisha jambo hili, wala dharura ya mteja. Msimamizi anayemkabidhi kijana grinda yenye bledi ya meno anajua anachokifanya, na anapaswa kuacha.

Tukija kwenye ununuzi, swali la kwanza ni chuma au kabidi. Mwaka 1923 Mjerumani Karl Schröter aliandikisha hataza ya kuunganisha kabidi ya tungsteni na kobalti. Waliokuwa wakiitafuta walikuwa watengenezaji wa balbu, waliotaka kifaa kigumu cha kuvutia waya mwembamba wa taa. Kabla ya muongo ule kwisha kampuni ya Krupp ilikuwa ikiiuza kwa jina la Widia. Leo ncha za kabidi zimeunganishwa kwenye karibu kila bledi iliyo dukani. Hudumu mara nyingi zaidi ya chuma, lakini hazinoleki kwa tupa. Zinahitaji jiwe la almasi na mashine yenye vipimo. Kwa hiyo fundi aliye Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, anayeweza kumfikia mnoaji mwenye mashine hiyo, anunue kabidi. Fundi aliye mbali na mji, anayepasua mbao laini na mwenye tupa nzuri na mkono uliozoea kukunja meno kushoto na kulia, asidharauliwe kwa kubaki na chuma. Bledi ya chuma iliyonolewa asubuhi inashinda ya kabidi iliyokufa miezi sita iliyopita.

Dukani, ishike bledi mkononi kabla ya kulipa. Tazama ncha za kabidi: ziwe nene, zenye nafasi ya kunolewa mara kadhaa, na maungio yake yawe yamejaa bila vitundu. Tafuta mianya iliyokatwa kwenye ukingo, inayoruhusu chuma kipanuke kwa joto bila kupinda. Soma maandishi, kiwango cha Ulaya cha EN 847-1 kinataka mtengenezaji, vipimo na mwendo wa juu viwepo kwenye bledi yenyewe. Bledi isiyotaja mwendo wake wa juu, rudisha kaunta. Kujua kama ile uliyo nayo imekufa, igeuze kwenye mwanga wa jua: makali ya kweli hayang'ai, lakini makali yaliyokufa yanaonyesha mstari mwembamba unaometa.

Basi ununue ipi? Mwenye fedha ya bledi moja tu anunue ya inchi 10 yenye meno 40 ya mshazari, iliyoinama kati ya digrii 10 na 15. Haitapasua haraka kama ile ya 24, wala haitakata safi kama ile ya 80, lakini haitamwangusha katika lolote kati ya hayo. Mwenye uwezo wa mbili achukue 24 na 60, na akubali kutumia dakika chache kubadilisha. Kabla ya kushika spana, chomoa plagi ukutani na uiweke mahali unapoiona. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.